Ufa Usioonekana: Kweli na Uongo Kuhusu Kupima Chuma bila Kukivunja

Katika milima ya Nyamira mabomba ya moshi ya viwanda vya chai hayapotei machoni: Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, Nyankoba. Upande wa Kisii kuna Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na Rianyamwamu. Ndani ya viwanda hivyo mna boila zinazolishwa kuni, na kila boila ni chombo cha chuma kilichofungiwa mvuke wenye presha ya kutosha kubomoa ukuta. Nje, barabarani, lori za majani mabichi zinapanda, matatu zinateremka zikiwa zimejaa, na uhai wa abiria unategemea ekseli, habu na bolti ambazo hakuna anayeziona.

Vyuma hivi havikatiki ghafla kama tunavyozoea kusema. Ekseli inayokatika leo asubuhi huwa ilianza kupasuka zamani, kwa ufa mwembamba kuliko unywele, na ufa huo ukawa unarefuka kidogo kidogo kila gurudumu linapozunguka na mzigo. Wahandisi huuita uchovu wa metali. Swali ni kama mtu anaweza kuukuta ufa ungali mdogo, na chuma kikarudi kazini bila hata mkwaruzo. Anaweza, na mojawapo ya njia bora ni ile ya mikondo ya edi, yaani mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya metali yenyewe. Lakini njia hiyo imezungukwa na maneno mengi ya mitaani, mengine ya kweli, mengine ya kupotosha, na yale ya kupotosha yanaweza kuua.

"Huwezi kujua chuma kimeharibika wapi bila kukikata."

Uongo, tena uongo wa gharama, kwa sababu ukishaikata ekseli ili uone kama ni nzima, huna tena ekseli.

Kinachofanyika ni hiki. Waya wa shaba husokotwa kuwa koili, mara nyingi ndogo kiasi cha kuingia kwenye ncha ya kalamu. Koili hiyo, ambayo mafundi huiita probu, hupitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu au hata mamilioni ya mara kwa sekunde. Umeme huo huzaa usumaku unaopanda na kushuka kwa kasi ileile. Ukiisogeza probu karibu na metali, usumaku unaibua umeme ndani ya metali, umeme unaozunguka kwa viduara vilivyolala sambamba na uso wake. Mikondo hiyo nayo inazaa usumaku wake, unaopingana na ule wa koili, na kifaa kinapima upinzani huo. Metali ikiwa nzima, upinzani haubadiliki popote unapopitisha probu. Penye ufa mikondo hukatiziwa njia, inalazimika kuuzunguka ufa au kupita chini yake, inadhoofika, na alama kwenye skrini inaruka.

Wengi wetu tumeiona mikondo hii ikifanya kazi bila kujua. Kabla ya mita za tokeni, mita ya stima ukutani ilikuwa na kidirisha cha kioo, na ndani yake kisahani cha aluminiamu chenye alama ukingoni. Pasi ikichomekwa kisahani kinakimbia. Kila kitu kikizimwa kinasimama. Kisahani chenyewe hakikuunganishwa na waya wowote. Koili zilizokuwa kandokando yake ziliibua mikondo ya edi ndani ya aluminiamu, mikondo ikakisukuma, na sumaku ya kudumu upande mwingine ikatumia mikondo ya aina hiyohiyo kukipiga breki kisipitilize. Anayetaka kujionea leo atafute sumaku kali iliyotolewa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa, na kipande kinene cha aluminiamu. Sumaku haitashika aluminiamu hata kidogo. Lakini kipande kikiinamishwa na sumaku ikaachiwa iteleze, itashuka polepole mno kuliko kipande cha chuma cha kawaida chenye uzito uleule.

"Ni hatari kama eksirei, na umeme wake unaweza kuunguza chuma."

Uongo mara mbili. Picha za mionzi za viwandani zipo, na nyingi hutumia chanzo kama iridiamu-192. Kazi hiyo hufungiwa eneo, watu huondolewa, na anayeifanya nchini Kenya lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Mikondo ya edi haina mionzi ya namna hiyo. Kifaa chake kinaendeshwa na betri, kinashikwa mkononi, na wenzako wanaweza kuendelea na kazi pembeni yako.

Kuhusu kuunguza, ni kweli kwamba mikondo hii inaweza kuleta joto. Majiko ya induksheni yanayouzwa madukani hupika kwa njia hiyohiyo: koili iliyo chini ya kioo inaibua mikondo kwenye kitako cha sufuria, na sufuria inapata moto. Lakini jiko hilo linatumia kilowati moja au mbili. Umeme wa probu ni mdogo sana kiasi kwamba chuma hakipati joto lolote la kuhisiwa, wala hakibaki na alama.

"Kifaa kinaona mpaka kiini cha chuma."

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo wanaouza vifaa hivi. Ni uongo, na inafaa tuelewe kwa nini.

Mikondo ya edi hukaa juujuu. Kadiri inavyoingia ndani ya metali ndivyo inavyopungua nguvu, na wahandisi hupima kwa kina ambacho mkondo umeshuka hadi asilimia 37 hivi ya nguvu yake ya pale usoni. Kwenye aluminiamu, kwa frikwensi ya kilohezi 100, kina hicho ni kama robo ya milimita tu. Ukiteremsha frikwensi hadi kilohezi 1, kinafika milimita 2.6 hivi. Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho sumaku haikikamati, kinaruhusu zaidi ya milimita moja kwa kilohezi 100. Chuma cha kawaida, cha ekseli na cha boila, ni kigumu zaidi kwa kazi hii: kwa kuwa chenyewe kina usumaku mkubwa, kwa frikwensi hiyohiyo mikondo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Kwa hiyo mpimaji hufanya biashara ya aina fulani. Frikwensi ya juu humpa jicho kali kwa nyufa ndogo za juu, lakini humnyima kina. Frikwensi ya chini humpa kina, lakini nyufa ndogo zinampita. Kwa frikwensi moja hakuna namna ya kupata vyote viwili kwa pamoja.

Mtu anaweza kuuliza, kama ni juujuu tu, ina faida gani? Faida ni kubwa, kwa sababu nyufa za uchovu kwa kawaida huanzia juu: kwenye ukingo wa tundu la bolti, kwenye kona kali, kwenye mkwaruzo, mahali ambapo shafti inapungua unene. Ushahidi wake mchungu ulipita Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya shirika la BOAC la Uingereza, aina ya Comet yenye nambari G-ALYP, iliondoka London kwenda Johannesburg, na kati ya vituo vyake ilitua Entebbe. Ndiyo safari iliyofungua huduma ya abiria kwa ndege za jeti duniani. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, ikaua watu wote 35. Aprili 8 mwaka huohuo Comet nyingine ilianguka baharini upande wa Naples na watu 21 wakafa. Wahandisi wa Farnborough, Uingereza, walichukua mwili wa Comet nyingine, wakautumbukiza kwenye tangi la maji na kuujaza na kuutoa presha tena na tena, kuiga safari za angani. Ulipofikisha safari 3,057, za kweli na za kuigiza kwa jumla, ulichanika. Nyufa zilikuwa zimeanzia kwenye kingo za matundu yaliyokatwa katika mwili wa ndege, pale mkazo unapokusanyika. Comet 4 zilizoundwa upya ndizo East African Airways ilizozipata mwaka 1960. Siku hizi, kupitisha probu kuzunguka matundu ya ribiti na bolti ni kazi ya kila siku katika karakana za ndege kote duniani.

"Basi boila ya chai ikipimwa kwa njia hii, kiwanda kiko salama."

Ningependa kila mwanakamati wa kiwanda na kila mkulima anayemiliki hisa asome sehemu hii polepole, maana jibu ni hapana.

Boila kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha kawaida chenye kaboni, chuma chenye usumaku. Tumeshaona kuwa mikondo ya edi ya kawaida haipenyi humo. Mtu akiingiza probu ya kawaida ndani ya mrija wa boila, ataona sehemu ndogo ya uso wa ndani tu, na usumaku wa mrija wenyewe utamletea makelele tele kwenye skrini. Kutu inayoula mrija kwa nje haitaonekana. Kwa mirija ya namna hiyo kuna njia iliyo binamu yake, ambapo koili ya kupokea huwekwa mbali na ile ya kutuma, umbali wa kipenyo cha mrija mara mbili au tatu hivi, na frikwensi huteremshwa sana. Usumaku hutoka nje ya mrija, husafiri kandokando yake, kisha hurudi ndani, na humo njiani hubeba habari za ukuta mzima. Njia hiyo inafaa kukuta mrija uliokonda. Haifai kukuta ufa mwembamba.

Ndiyo maana mkaguzi makini wa boila hategemei kifaa kimoja. Atapima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Atatafuta nyufa za maungio ya kulehemu kwa unga wa chuma na sumaku, au kwa rangi inayopenya. Atajaza boila maji na kuyatia presha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa, kwanza ikiwa baridi na imefunguliwa ili aone ndani na nje, kisha ikiwa na mvuke wake wa kawaida. Sehemu ya kwanza ndiyo inayowaudhi mameneja, kwa sababu kusimamisha boila wakati majani yanamiminika kutoka vituo vya kununulia ni hasara inayoonekana siku hiyohiyo. Lakini boila isiyopoa haikaguliki kwa ndani, na cheti cha boila ambayo hakuna aliyeingia ndani yake hakinitoshi mimi, na kisimtoshe anayefanya kazi mbele ya tanuri lake.

Je, mikondo ya edi haina nafasi kiwandani? Inayo. Rola za mashine za kukata na kusokota majani zina meno ya chuma kisichoshika kutu, na meno hayo hunolewa mara kwa mara. Metali ya aina hiyo ni rafiki wa njia hii: umeme unapita, usumaku hauleti fujo, na ufa kwenye shina la jino unaweza kupatikana. Chembe za chuma zinazomeguka nazo ni hadithi nyingine. Sumaku zinazowekwa kwenye mstari wa kuchambua chai hukamata chuma cha kawaida vizuri, lakini si kila metali hushikwa na sumaku. Kwa metali hizo nyingine, wapakiaji wa vyakula duniani hupitisha bidhaa katikati ya koili kubwa, na kipande cha metali kinachopita hujisaliti kwa mikondo ya edi iliyoibuka ndani yake.

Na penye mirija ya shaba, shaba nyeupe, titaniamu au chuma kisichoshika kutu, kama ilivyo kwenye vipoza mvuke vya vituo vya umeme na mitambo mikubwa ya kupoza hewa, njia hii haina mpinzani. Probu husukumwa hadi mwisho wa mrija kisha huvutwa kurudi, na wakati inarudi inaandika hali ya ukuta wa mrija kutoka mwanzo hadi mwisho. Maelfu ya mirija hupimwa hivyo, mmoja mmoja.

"Lazima rangi ikwanguliwe kwanza."

Uongo, kwa rangi ya kawaida. Rangi haipitishi umeme, hivyo kwa mikondo ya edi ni kama haipo, isipokuwa inaiweka probu mbali kidogo na chuma. Umbali huo hupunguza nguvu ya ishara, na tabaka likiwa nene sana ishara hufifia kabisa. Fundi anayejua kazi yake huupima kwanza umbali huo na kurekebisha kifaa. Tena, badiliko hilohilo la ishara hutumika kupima unene wa rangi juu ya aluminiamu. Ukilinganisha na rangi inayopenya, ambayo haiwezi kuingia kwenye ufa uliozibwa na rangi nyingine, hapa ndipo mikondo ya edi inapookoa muda mwingi. Lakini kutu nene na mabaki ya kulehemu lazima viondolewe.

"Fundi mzoefu hahitaji kifaa. Nyundo na sikio vinatosha."

Kweli nusu, na nusu hiyo ni ya kuheshimiwa. Katika reli za Uingereza walikuwako wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kutembea kando ya behewa na kugonga kila gurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima hulia wazi. Lililopasuka vibaya hutoa sauti iliyokufa. Karakana za reli za zamani zilikuwa pia na mbinu ya kupaka chuma mafuta, kuyafuta, kisha kupaka chokaa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka na kuandika mstari mweusi juu ya weupe. Rangi inayopenya ya leo imezaliwa na mbinu hiyo. Fundi wa jua kali anayesafisha silinda hedi kwa mafuta taa na kungoja unyevu utoke tena pale palipopasuka anatumia fizikia ileile, na hakuna sababu ya kumcheka.

Tatizo la nyundo ni kwamba inalia tofauti wakati ufa umeshakuwa mkubwa. Ufa wa nusu milimita kwenda ndani haubadilishi mlio wa ekseli kiasi cha sikio la mtu kutambua. Na matatu inayoteremka na abiria kutoka Keroka inahitaji ufa uonekane ungali nusu milimita.

"Kitakutambulia spea bandia."

Kwa masharti. Mwaka 1879, jijini London, mvumbuzi David Hughes alionyesha kwamba koili zinaweza kutofautisha metali moja na nyingine, hata sarafu halali na ya kughushi. Viwanda vya magari hutumia kanuni hiyo kuchambua vipuri: kipuri kilichopikwa sawasawa hadi kikawa kigumu kinatoa ishara tofauti na kile kilichoachwa laini, kwa sababu namna chuma kinavyopitisha umeme na kushika usumaku hubadilika na ugumu wake. Lakini kifaa hakijui jina la kampuni. Kinalinganisha tu. Mwenye duka la spea akiwa na beringi halisi iliyothibitishwa, anaweza kupima zinazofuata kwa kuzilinganisha na hiyo. Bila mfano halali wa kulinganishia, kifaa hakina la kumwambia.

"Ni kile kifaa cha askari wa mlangoni tu."

Kweli kwa asili yake. Fimbo ambayo askari wa benki au supamaketi hupitisha mwilini mwako ina koili, na simu, funguo au kisu vikikaribia, mikondo ya edi inaibuka ndani yake na fimbo inalia. Mwanzo wa kifaa hicho ulikuwa kitandani kwa mgonjwa. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi Julai 1881, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikwenda na koili zake kuitafuta risasi mwilini. Alishindwa, na mojawapo ya sababu ilikuwa springi za chuma za godoro, zilizofanya kifaa kilie kila mahali alipopita. Garfield alifariki Septemba.

Tofauti ni usikivu. Fimbo ya askari inajibu swali moja: kuna metali au hakuna? Kifaa cha kupima nyufa kinajua tayari kwamba metali ipo. Kinatafuta badiliko dogo ndani yake, na hutofautisha badiliko linalotokana na ufa na lile linalotokana na mkono wa mpimaji kutetemeka.

"Kinafaa pia kwa mawe ya Tabaka."

Hapana. Mawe ya sabuni ya Tabaka, pamoja na ubora wake wote kwa wachongaji, hayapitishi umeme. Pasipo umeme hapana mikondo. Vivyo hivyo mbao, zege na plastiki.

"Skrini ikinyamaza, hakuna ufa."

Huu ndio uongo ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu huja umevaa koti la sayansi.

Kwanza, mikondo huzunguka. Ufa unaoikata mikondo hujulikana mara moja, lakini ufa uliolala sambamba na njia ya mikondo unaweza kupita bila kusema neno. Ndiyo maana mpimaji hupitisha probu kwa mielekeo zaidi ya mmoja, au huchagua probu yenye koili zilizopangwa tofauti. Pili, karibu na ukingo wa chuma ishara huruka hata pasipo ufa, kwa kuwa mikondo imefika mwisho wa njia. Mpimaji mchanga huukuta ukingo akafikiri ni ufa, au, baya zaidi, huukuta ufa akafikiri ni ukingo.

Tazama namna kazi inavyoanza inapofanywa vizuri. Kabla ya kugusa kipuri chenyewe, mpimaji hutoa kipande kidogo cha metali ya aina ileile, kilichosuguliwa hadi kikang'aa. Juu yake pamechanjwa mistari mitatu kwa cheche za umeme, kina cha milimita 0.2, 0.5 na 1. Anaweka probu pale pasipo na mstari, anakipa kifaa sifuri. Anainua probu kidogo na kuishusha, anaona alama kwenye skrini ikienda kando, na anageuza mipangilio hadi mwendo huo wa kuinua uwe mlalo kabisa. Kisha anavuka mistari mmoja baada ya mwingine. Sasa alama inaruka wima: kidogo, zaidi, zaidi sana. Kuanzia hapo anajua lugha ya kifaa chake kwa metali hiyo: kinachokwenda kando ni mkono wake, kinachopanda ni ufa. Asipoonekana akifanya hivyo kabla ya kazi, na tena baada ya kazi kuhakikisha kifaa hakijahama, ripoti yake haina msingi.

Tatu, mtu huchoka. Aprili 28, 1988, ndege ya Aloha Airlines, Boeing 737, ilikuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu huko Hawaii ilipong'oka paa angani, kimo cha mita 7,300 hivi. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Rubani aliishusha ndege ikiwa na watu wengine 94 walio hai. Ndege hiyo ilikuwa imesharuka safari 89,680, nyingi zikiwa fupi fupi kati ya visiwa vyenye hewa ya chumvi. Wachunguzi wa Marekani walikuta kwamba nyufa nyingi ndogo kwenye mstari wa ribiti zilikuwa zimeungana, na kwamba mpango wa matengenezo ulishindwa kuzigundua. Walizungumzia pia jambo ambalo vitabu vya fizikia havilitaji: ugumu wa kumtaka binadamu, juu ya jukwaa, usiku, akiwa na taa na probu mkononi, aikague ribiti moja baada ya nyingine kwa mamia bila akili yake kutangatanga. Kifaa kilikuwepo duniani, na njia ilijulikana. Kilichokosekana ni mazingira ya mtu kuifanya kazi hiyo kwa makini hadi ribiti ya mwisho.

"Hii ni teknolojia mpya, ya watu wa mbali. Kijana wa Kisii ataanzia wapi?"

Si mpya. Mwanasayansi Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme. Mfaransa Léon Foucault aliitambua mikondo hii mwaka 1855, alipozungusha kisahani cha shaba kati ya ncha za sumaku na kuona kikipata joto. Mjerumani Friedrich Förster, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiye aliyeigeuza kuwa chombo cha viwanda kutoka mji wa Reutlingen. Kanuni za njia hii ni zile zinazofundishwa katika fizikia ya shule za sekondari, zikasogezwa mbele.

Na kijana wa Kisii ana pa kuanzia. Anayesomea uhandisi wa mitambo au umeme katika Kisii National Polytechnic au chuo kikuu chochote tayari ameshika sehemu ngumu, yaani kuelewa metali na umeme. Kinachobaki ni mafunzo ya upimaji wenyewe na cheti kinachofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 9712. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limesaidia kwa miaka mingi kufundisha upimaji huu barani Afrika, na Kenya imo. Ngazi ni tatu. Wa ngazi ya kwanza hupima chini ya usimamizi, akifuata maelekezo yaliyoandikwa. Wa ngazi ya pili huchagua namna ya kupima, husoma ishara na kutia sahihi ripoti. Wa tatu huandika taratibu zenyewe na kuwasimamia wengine.

Viwanda vyetu vikitangaza zabuni za ukaguzi, mara nyingi kinachotazamwa ni bei. Mkulima aliye kwenye bodi ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kukubali ripoti: njia gani ilitumika, kwa nini inafaa metali hii, kipande cha kulinganishia kilikuwa na mistari ya kina gani, na aliyetia sahihi ana ngazi ipi. Anaweza kuongeza la tano. Kiwango hicho cha ISO kinataka macho ya mpimaji yapimwe kila mwaka, kuthibitisha kwamba anaweza kusoma maandishi madogo ya karibu, na cheti cha macho cha mwaka huo lazima kiwepo kwenye faili.